Nimeacha Ugali, Mbona Kolesteroli Imepanda? Maswali ya Dirishani Kigoma

Nafanya kazi maabara hapa Kigoma mjini, upande wa kutoa majibu. Siku hizi haipiti wiki moja bila mtu kuniambia, hata kabla sijamkabidhi karatasi yake, kwamba ameacha wanga. Mmoja ameacha kwa sababu ya sukari, mwingine kitambi, mwingine ana harusi ya mdogo wake Desemba. Ugali wa muhogo hawagusi, wali hawagusi, soda ndiyo kabisa. Wamebaki na migebuka, nyama, mayai, parachichi, na mawese kwa kijiko kikubwa. Karatasi ikitoka, sukari imeshuka, uzito umeshuka, kolesteroli imepanda. Hapo ndipo maswali yanapoanza. Nimeyaandika karibu kama yanavyoulizwa.

Dada, mafuta ninayokula si ndiyo yanageuka kolesteroli kwenye damu?

Si kwa njia hiyo fupi. Kolesteroli, ambayo wengine huiita lehemu, mwili wenyewe huitengeneza kwa sehemu kubwa, takriban robo tatu, na ini ndilo fundi mkuu. Inahitajika: kuta za seli zimejengwa kwayo, homoni kadhaa hutoka kwake, na nyongo hutengenezwa kutokana nayo. Ukila nyingi zaidi, utumbo hupunguza kuipokea na ini hupunguza kuitengeneza. Kiini cha yai moja kina takriban miligramu 200, na bado kwa watu wengi yai la asubuhi halibadilishi sana majibu yao. Wapo wachache ambao kwao linabadilisha, na hao huwezi kuwatambua kwa macho.

Kinachosukuma majibu kuliko kolesteroli ya kwenye sahani ni aina ya mafuta unayokula, kwa sababu aina hiyo ndiyo inayogusa namna ini linavyoirudisha kolesteroli kutoka kwenye damu. Hapa wengi huniacha njiani, basi nitaeleza kwa maboti.

Hizo LDL, HDL na trigliseridi ni nini hasa?

Mafuta na damu havichanganyiki, kama mawese juu ya maji ya ndoo. Kwa hiyo mafuta husafiri kwa vyombo. Fikiria maboti yanayoondoka Kibirizi kwenda vijiji vya ziwani. Ini hupakia boti kubwa, shehena yake ni trigliseridi, yaani mafuta ya kutumika kama nishati, pamoja na kolesteroli kidogo. Boti hiyo huitwa VLDL. Inapita kwenye misuli na kwenye mafuta ya mwili, inashusha trigliseridi hatua kwa hatua, na inazidi kuwa ndogo. Mwishoni kinachobaki ni chombo kidogo kilichojaa kolesteroli. Hicho ndicho LDL.

LDL inatakiwa irudi bandarini, na bandari ni ini. Kwenye uso wa seli za ini kuna vipokezi, mfano wa wale vijana wanaodaka kamba boti likikaribia. Kipokezi kikidaka, LDL huingizwa ndani na kupakuliwa. Vijana wakiwa wengi, ziwa linabaki tupu. Wakiwa wachache, maboti yanaelea siku nyingi, na baadhi hugonga kuta za mishipa na kukwama humo. Hivyo ndivyo mishipa ya moyo inavyoanza kuziba, polepole, kwa miaka mingi. Vipokezi hivi viligunduliwa katika miaka ya 1970 na madaktari wawili wa Dallas, Marekani, Michael Brown na Joseph Goldstein, na mwaka 1985 walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo.

HDL husaidia kukusanya kolesteroli ya ziada kutoka kwenye seli na kuirudisha kwenye ini. Ndiyo inayoitwa nzuri, ingawa mimi sipendi sana jina hilo: kuwa nayo nyingi hakufuti ubaya wa LDL iliyopanda.

Nilipoacha wanga trigliseridi zilishuka vizuri sana. Kwa nini?

Kwa sababu ini lilipunguziwa kazi ya kupakia maboti. Ukila wanga mwingi kuliko unavyotumia, hasa sukari na soda, ini hugeuza sehemu yake kuwa mafuta. Insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, ndiyo inayotoa amri hiyo. Wanga ukipungua, insulini hushuka, amri hulegea, na VLDL zinazotoka hupungua. Kwa mtu ambaye trigliseridi zake zilikuwa juu, hili ndilo badiliko la wazi zaidi, na huonekana ndani ya wiki chache. Mara nyingi HDL nayo hupanda kidogo.

Insulini pia huchochea kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha kazi za kikemia mwilini, ambacho ndicho kinachoamua kasi ya ini kutengeneza kolesteroli. Jina lake ni HMG-CoA ridaktesi. Insulini ikishuka, nacho hupoa. Ukisikia hapo utadhani LDL lazima ishuke. Kwa baadhi ya watu hushuka kweli. Kwa wengine hupanda, na kwao utengenezaji siyo kesi. Kesi ni upokeaji.

Mawese hayana kolesteroli. Yamehusikaje?

Swali hili la Kigoma kabisa, na nalipenda. Ni kweli, mawese hayana kolesteroli. Hakuna mafuta ya mmea yenye kolesteroli ya maana, kwa hiyo maandishi ya "haina kolesteroli" kwenye chupa ya dukani ni sawa na kuandika kwenye gunia la muhogo kwamba halina mifupa.

Lakini mawese karibu nusu yake ni mafuta yaliyoshiba, yaani aina inayoganda kwa urahisi, na sehemu kubwa ya hayo ni asidi ya palmitiki. Mafuta yaliyoshiba yakiwa mengi kwenye chakula, ini hupunguza vipokezi vya LDL. Vijana wa kudaka kamba wanaondolewa gatini. Kolesteroli haikuja na mawese. Ni ile yako mwenyewe iliyokosa mtu wa kuipokea. Samli, siagi, mafuta ya ng'ombe na tui zito la nazi hufanya vivyo hivyo. Mafuta ya mise, yale yanayotoka kwenye kokwa la chikichi na tunayoyajua zaidi kwenye sabuni, yameshiba kuliko hata mawese, takriban asilimia 80.

Sisemi mawese ni sumu. Nimelelewa kwayo. Rangi ile nyekundu ni karotini, ambayo mwili huigeuza vitamini A, na watoto wengi wa mkoa huu wameipata humo. Tofauti ni kiasi. Bibi yangu aliweka mawese kwenye maharage au kwenye mgebuka, kisha sahani iliyobaki ilikuwa ugali na majani ya muhogo. Mtu wa keto, yaani mpango wa kuacha karibu wanga wote na kula mafuta mengi, huondoa ugali wote, halafu nishati yote iliyokuwa ya ugali anaijaza kwa mafuta. Hapo kijiko kimoja kimekuwa vitano.

Basi nibadilishe mafuta, nisibadilishe mpango wote?

Kama mpango wa wanga kidogo umekusaidia sukari au uzito, hilo ndilo jambo la kwanza la kujaribu. Mafuta ya alizeti, ufuta na karanga hayakushiba kwa sehemu kubwa. Parachichi nalo, na msimu wake ukifika Kasulu na Buhigwe wanalo la kumwaga. Ukiondoa mafuta yaliyoshiba ukaweka haya, vipokezi huongezeka na LDL hushuka, wanga ukiwa mwingi au kidogo.

Samaki wa ziwa letu wana nafasi yao. Dagaa na migebuka wana mafuta ya omega-3, ambayo hupunguza VLDL zinazotoka kwenye ini. Ila mgebuka uliozamishwa kwenye mawese yanayochemka ni mjadala mwingine. Uchome, au upike rojo la nyanya na vitunguu.

Daktari ameniambia nina ini lenye mafuta. Kuacha wanga si kutaniongezea?

Kinyume chake mara nyingi, angalau kwa miezi ya mwanzo. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2005 ulifuatilia mafuta ya kwenye ini la watu wenye tatizo hili yanatoka wapi. Asilimia 59 yalitoka kwenye akiba ya mafuta ya mwili, yale ya kitambi yanayovuja kuingia kwenye damu. Asilimia 26 ini lenyewe liliyatengeneza. Asilimia 15 tu ndiyo yaliyotoka moja kwa moja kwenye mafuta ya chakula. Mtu akipunguza wanga na uzito ukashuka, mafungu mawili makubwa hupungua kwa pamoja.

Lakini hapa pia aina ya mafuta inajitokeza tena. Mwaka 2014 watafiti wa Uppsala, Sweden, waliwapa vijana wenye afya keki ndogo za kula juu ya chakula chao cha kawaida kwa wiki 7. Kundi moja keki zake zilipikwa kwa mafuta ya mawese, kundi jingine kwa ya alizeti. Uzito uliongezeka karibu sawa. Waliokula za mawese walijaza mafuta zaidi kwenye ini na ndani ya tumbo. Nilipousoma utafiti ule nilicheka peke yangu: Kigoma ya mawese na Singida ya alizeti zimepambanishwa Ulaya, na sisi tumefungwa.

Kaka yangu mwembamba, anakimbia kila asubuhi, LDL yake imefika 6. Mimi mnene niko 3. Haki iko wapi?

Hali ya kaka yako inajulikana. Wapo watu wembamba, wenye mazoezi, ambao wakiacha karibu wanga wote LDL yao hupaa. Watafiti wanaowafuatilia huwatambua kwa namba tatu zinazokuja pamoja: LDL kuanzia 5.2, HDL kuanzia 2.1, na trigliseridi zisizozidi 0.8, zote kwa milimoli kwa lita. Maelezo yanayopendekezwa ni kwamba mwili mwembamba hauna akiba ya wanga wala ya mafuta ya kutosha, hivyo ini linalazimika kutuma maboti mengi na kwa haraka ili kulisha misuli. Maboti mengi yakishusha shehena, LDL nyingi zinabaki ziwani. Ni nadharia yenye mantiki, na wengi wa watu hao wakirudisha wanga kidogo, hata gramu 50 hadi 100 kwa siku, LDL hushuka sana. Gramu hizo ni viazi vitamu kadhaa, siyo ugali wa sinia.

Wapo wanaosema kwenye simu zao kwamba LDL ya aina hiyo haina madhara kwa sababu trigliseridi ziko chini. Mimi nisingemwachia kaka yangu mishipa yake kwa hoja hiyo. LDL iliyopanda hugonga ukuta wa mshipa bila kuuliza mwenyewe ni mwembamba au mnene.

Na kama LDL ilikuwa 4.9 au zaidi hata kabla ya kuacha wanga, au baba alipata shambulio la moyo akiwa kijana, huenda ni ya kurithi: vipokezi vyenyewe ni vichache au ni vibovu tangu kuzaliwa. Hilo halitatuliwi jikoni peke yake. Amwone daktari.

Ni kweli ketoni na kolesteroli hutoka sehemu moja?

Kweli, na ni jambo zuri kulijua hata kama halikusaidii kupika. Ketoni ni nishati ambayo ini hutengeneza kutokana na mafuta wanga ukipungua. Ini huvunja mafuta kuwa vipande vidogo, kisha huviunga kuwa kitu kiitwacho HMG-CoA. Kikiwa ndani ya mitokondria, vile vinu vya nishati vya seli, HMG-CoA hukatwa ikawa ketoni. Kikiwa nje ya vinu hivyo, kile kimeng'enya cha HMG-CoA ridaktesi hukianzishia safari ya kuwa kolesteroli. Vyumba viwili, malighafi jina moja. Kwa hiyo kuwa na ketoni nyingi hakumaanishi unatengeneza kolesteroli nyingi. Mlango wa chumba cha pili una bawabu wake.

Bawabu huyo ndiye anayezuiwa na dawa za statini, kama atovastatini. Mjapani Akira Endo alitafuta katika maelfu ya aina za ukungu mpaka akapata, miaka ya 1970, kitu kinachomzuia. Dawa ya kwanza ya kundi hilo iliruhusiwa Marekani mwaka 1987. Ini likinyimwa utengenezaji, huongeza vipokezi ili lipate kolesteroli kutoka kwenye damu, na LDL hushuka. Yaani dawa inafunga kiwanda, lakini faida unaiona bandarini.

Maharage yana wanga. Nayo niyaache?

Ningeomba usiyaache yote. Ini hutumia kolesteroli kutengeneza asidi za nyongo, huzimwaga kwenye utumbo ili kusaidia kuyeyusha mafuta, kisha utumbo huzirudisha kwenye ini karibu zote, takriban asilimia 95. Nyuzinyuzi za maharage hunasa baadhi ya asidi hizo na kutoka nazo chooni. Ini likikuta zimepungua, huvuta kolesteroli kutoka kwenye damu ili kutengeneza nyingine, na kwa ajili hiyo huongeza vipokezi. Mtu aliyeacha wanga akaacha na maharage, mboga na matunda yote amejiondolea njia hiyo. Kikombe cha maharage ya Kasulu, mchicha, bamia, mlenda: hivi vinaingia hata kwenye mpango wa wanga kidogo, labda usiwe ule mkali kabisa.

Jambo la kando: ukipungua uzito kwa kasi, ini humwaga kolesteroli nyingi kwenye nyongo na mawe yanaweza kujijenga kwenye kifuko chake. Maumivu makali ya upande wa kulia chini ya mbavu baada ya kula, usiyasingizie vidonda vya tumbo miezi mitatu.

Kahawa nyeusi ninayokunywa badala ya chai ya maziwa haina kosa, sivyo?

Inategemea inavyopikwa. Kahawa ya kuchemsha, ile ya birika la Ujiji inayonywewa kwenye vikombe vidogo, ina kafestoli, mafuta ya kahawa yanayopunguza kazi ya ini ya kugeuza kolesteroli kuwa nyongo. LDL hupanda. Karatasi ya kuchujia huinasa karibu yote. Chujio la waya haliinasi. Vikombe viwili vitatu vya baraza jioni sitavigombania. Lakini wapo wanaokunywa vikombe sita kwa siku na kuongeza siagi ndani, eti ndiyo keto, kisha wananiuliza LDL imetoka wapi.

Natumia dawa za sukari. Naweza kuacha wanga leo?

Usiache leo. Mwone daktari kwanza. Glibenklamidi na sindano ya insulini hushusha sukari iwe umekula au hujala. Ukiondoa ugali bila kupunguza dozi unaweza kuanguka. Vidonge vipya kama empagliflozini na dapagliflozini, ukivichanganya na keto kali, huweza kuleta tindikali ya ketoni kwenye damu hata sukari ikiwa inaonekana ya kawaida. Wajawazito na wanaonyonyesha nao wasijiamulie.

Karatasi yangu ya zamani inasema 190, ya sasa inasema 4.9. Imeshuka?

Haijashuka. Ni namba ileile kwa vipimo tofauti. Miligramu kwa desilita ukigawa kwa 38.67 unapata milimoli kwa lita, kwa kolesteroli. Kwa trigliseridi unagawa kwa 88.57. Nimeona mzee mmoja akifurahi mpaka akaninunulia maji, na mimi nikalazimika kumharibia siku.

Nipime lini, na nije nimefunga?

Pima kabla hujaanza mpango, ili kuwe na cha kulinganisha. Karibu wote wanaokuja kwangu wana karatasi moja tu, ya baadaye, na hapo hata mimi sijui kama chanzo ni mawese au walizaliwa hivyo. Kisha rudi baada ya miezi mitatu hivi, uzito ukiwa umetulia, kwa sababu unapopungua kwa kasi mafuta ya mwilini humwaga kolesteroli iliyohifadhiwa na majibu huyumba. Usije ukiwa na malaria au homa nyingine. Ugonjwa hushusha kolesteroli kwa muda na utadanganyika.

Kufunga siku hizi si lazima kwa kila mtu. Ila mashine nyingi hazipimi LDL yenyewe. Hupima kolesteroli yote, HDL na trigliseridi, kisha LDL hupatikana kwa hesabu ya tangu mwaka 1972, ambayo haifai trigliseridi zikizidi 4.5. Kwa hiyo kama zako huwa juu, njoo asubuhi ukiwa umekaa muda wa masaa 10 hadi 12 bila chakula, maji tu. Na uniambie umekuwa ukila nini, kwa sababu fomu yetu ina sehemu ya umri, jinsia na dawa, lakini haina sehemu ya kuandika mafuta ya kupikia.